Usitafute Kabila, Mtafute Mtu: Namna ya Kufuatilia Asili Uliyoigundua Ukubwani

Makala haya namwandikia mtu aliyekwisha kuwa na wajukuu, au anawatarajia, ambaye karatasi au kauli ya mzee fulani imemwambia ghafla kwamba mmoja wa wazee wake hakutoka pale alipodhani siku zote. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Kisauni, Mombasa. Nilikua nikijua sisi ni Warabai, watu wa Mijikenda, kuumeni na kukeni. Baba alipofariki tukaanza kushughulikia mirathi ya kiwanja chake, na ndani ya sanduku lake la bati, chini ya risiti za kodi ya ardhi, tukakuta cheti cha ubatizo cha nyanya, mamake baba. Jina la mama wa mtoto: jina moja tu la Kikristo, kisha neno "Nyasa". Jina la baba wa mtoto: jina moja, bila ukoo. Makazi: Frere Town.

Mtu wa Mombasa akisoma Frere Town kwenye karatasi ya zamani hahitaji kuelezwa sana. Ni pale Kengeleni, penye mnara wa kengele, njia panda ya kwenda Nyali. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini. Sir Bartle Frere ndiye aliyetumwa kuujadili, na jina lake likapewa makao ambayo misheni ya Kianglikana ya CMS iliyaanzisha hapo miaka miwili baadaye, chini ya William Salter Price. Manowari za Uingereza zilikamata majahazi, na waliokutwa ndani, wengi wao watoto, wakakabidhiwa misheni. Wengi walikuwa wametoka mbali kusini, nchi za Ziwa Nyasa na Ruvuma, wakapitishwa Kilwa. Kwa hiyo mamake nyanya alikuwa mateka aliyekombolewa, na sisi hatukuwahi kuambiwa.

Nimezungumza na watu wengi wa pwani waliokutana na jambo la namna hii: aliyegundua babu yake alikuwa Mngazija, au askari wa Kibaluchi, au Mgoa, au mtoto wa suria, yaani mjakazi aliyezaa na bwana wake. Njia ya kufuatilia inafanana. Nitaeleza niliyoipita mimi, na nitasimama zaidi pale ambapo naona wengi hukimbia.

Karatasi kwanza

Ukipata waraka wowote, piga picha mbele na nyuma kabla hujaukunjua vizuri. Andika pembeni uliukuta wapi, ndani ya nini, pamoja na nini, na nani alikuwepo. Kilichokuwa jirani na karatasi ni ushahidi pia: baba aliweka cheti cha mama yake pamoja na hati za ardhi, si pamoja na picha za harusi. Hiyo ilinieleza kwamba aliona ni kitu cha kutunza, si cha kuonyesha wageni. Usiibandike kwa gundi ya utepe pale ilipochanika, na usiipeleke ikapigwe laminesheni. Bahasha ya karatasi kavu inatosha.

Wazee, na namna ya kuwauliza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Rejista itakungoja mwaka mzima. Shangazi yako wa miaka themanini na ushei huenda asikungoje.

Nimeuguza wazee maisha yangu yote ya kazi, na naomba unisikilize kwa hili. Nenda asubuhi, baada ya chai, kabla jua halijakaza. Nenda peke yako au na mtu mmoja anayependwa na mzee. Usiende na kundi la wajukuu wenye simu mkononi. Kaa upande wa sikio lake zima. Beba kazi ya mikono ya kushirikiana naye, kuchambua mchele au kumenya kunde, kwa sababu mtu huongea mambo mazito kwa wepesi zaidi akiwa hatazamwi usoni. Akichoka, mwage. Kauli ya maana huja siku ambayo hukuiendea.

Usianze kwa kuuliza "sisi ni kabila gani?" Swali hilo lina jibu ambalo familia ilikwisha kulitengeneza zamani, na utapewa hilo hilo. Uliza matendo na watu:

Nyanya alipoolewa, mahari yalipokelewa na nani? Nani alisimama mahali pa mjomba wake? Alipojifungua, nani alikuja kumkanda? Katika matanga ya mama yake, watu wa upande wake walitoka wapi, walilala wapi, waliongea nini? Kulikuwa na mtu ambaye watoto walikatazwa kumwuliza jambo fulani? Nani alimtolea jina mtoto wa kwanza, na jina hilo lilikuwa la nani?

Swali la mahari ndilo lililotufungulia mlango. Shangazi aliyezaliwa katika miaka ya 1930 alisema mahari ya mama yake yalipokelewa na mzee wa kanisa. Nikauliza, "Kwani mjomba hakuwepo?" Akaendelea kuchambua kunde. Kisha akasema, "Mjomba atoke wapi, mwanangu? Mama yake alikuja na maji." Hakuongeza neno. Sikulazimisha. Nilipokwenda tena wiki nyingine, yeye mwenyewe akaanza: kwamba bibi yake alikuwa na alama za chale kwenye mashavu, kwamba hakupenda kuoga baharini, kwamba alikuwa akipewa kitu husema "sikomo" na watoto wakadhani ni Kirabai cha kale. Hiyo ni shukrani ya Kiyao. Wanyanja husema "zikomo". Maneno kama hayo yaandike yanavyotamkwa, usiyasahihishe, kisha mtafute mzungumzaji wa lugha unayoishuku umsomee.

Miaka usimwulize mzee kwa tarakimu. Mwulize kwa matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Alizaliwa kabla ya reli kuanza kujengwa Mombasa (1896) au baada? Alikuwa msichana wakati Mekatilili na Wagiriama walipogombana na serikali (1913 na 1914)? Wanaume walipochukuliwa kubeba mizigo ya vita, 1914 hadi 1918, alikuwa ameshaolewa? Kwa maswali matatu ya namna hiyo unaweza kumweka mtu ndani ya miaka mitano au sita, na ndani ya rejista upana huo unatosha.

Rekodi sauti kwa ruhusa tu. Mzee akikataa, heshimu, ukifika nyumbani andika usiku huo huo, maneno yake kama alivyoyasema, na maoni yako kwenye ukurasa mwingine.

Rejista za kanisa

Kwa mtu aliyezaliwa pwani mwanzoni mwa karne ya 20, usitegemee cheti cha kuzaliwa cha serikali. Kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, nacho walipewa wanaume. Nyanya zetu hawakuwa nacho. Kwa familia za misheni, rejista za ubatizo, ndoa na maziko ndizo uti wa mgongo.

Nenda ofisi ya parokia siku ya kazi, si Jumapili. Beba nakala ya kitambulisho, barua fupi inayoeleza wewe ni nani kwa huyo unayemtafuta, na sadaka kidogo hata kama hujaombwa, maana kuna karani anayeacha kazi yake kukufungulia kabati. Usiombe ubatizo peke yake. Omba na ndoa, kwa sababu ndoa inaonyesha mashahidi. Omba na maziko, kwa sababu hapo umri hukadiriwa. Majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandike yote. Watu waliotoka kwenye jahazi moja, au waliolelewa bweni moja, walisimamiana watoto kwa miaka mingi. Waliokuwa hawana ndugu wa damu walijifanyia ndugu hapo, na leo wajukuu zao ndio wanaoweza kuwa na kipande cha habari ambacho wewe huna. Kwa Wakatoliki, tazama pembezoni mwa ukurasa: kipaimara na ndoa huandikwa hapo baadaye, na hivyo mstari mmoja unaweza kukupeleka parokia nyingine kabisa.

Ukurasa wa nyanya nilipoonyeshwa, wino umegeuka rangi ya kutu, na mistari ya juu na ya chini yake ina mwandiko uleule wa kulalia kulia. Kati ya watoto waliobatizwa karibu na siku hiyo, safu ya wazazi ina "Nyasa", "Yao", "Makua", "Rabai", kisha tena "Yao". Mamake nyanya, aliyeandikwa "Nyasa" kwenye cheti, kwenye rejista ya ndoa yake ameandikwa "Yao".

Usifadhaike ukikuta tofauti kama hiyo, na usikimbilie kuchagua moja. Aliyeandika alikuwa mmisionari au karani, na aliyejibu huenda alikuwa mtoto aliyetolewa kwao akiwa na miaka saba. "Nyasa" lilibandikwa mtu yeyote aliyetoka nchi za ziwa. "Yao" angeweza kuwa Myao, au mtu aliyepita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiyao, au mtoto aliyejifunza Kiyao njiani. Ndiyo maana nasema umtafute mtu. Kabila lililoandikwa ni dalili ya njia aliyopitishwa. Jina lake, mumewe, wasimamizi wa watoto wake, siku aliyozikwa, hayo ni yake.

Kama familia yako ni ya Rabai kama yetu, kuna jambo la kuangalia zaidi. Si wote waliokuwa "wa misheni" walishuka kutoka manowari. Wamisionari Krapf na Rebmann walianza kituo cha Rabai mwaka 1846, na miongo kadhaa baadaye hapo na vituo jirani pakawa kimbilio la watoro kutoka mashamba ya Mombasa na Malindi. Wenye watumwa wakaja juu. Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawagawia watoro zaidi ya elfu moja hati za uhuru, mabwana wakalipwa fidia. Wengine tena walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliokombolewa baharini wakapelekwa India, wakasomeshwa karibu na Nasik kisha wakarudishwa. William Jones ni mmoja wao. Ndiye aliyekuwa na Askofu Hannington safari ya 1885 ambayo askofu aliuawa Busoga, na ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi pwani. Ukikuta babu aliyejua Kiingereza na useremala au uhunzi mapema kuliko wenzake, fikiria njia hiyo ya India.

Walio Tanzania, mnazo sehemu zenu: misheni ya Bagamoyo ya mapadre wa Roho Mtakatifu tangu 1868, ambako rejista ni za Kilatini, Mbweni huko Unguja kwa upande wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na Masasi, ambako Askofu Steere alipeleka watu waliokombolewa mwaka 1876 akikusudia kuwarudisha karibu na kwao.

Nyaraka za mbali

Hapa nitapita upesi, kwa sababu bila majina na miaka uliyoipata kwa wazee na kanisani, utazama tu. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Nairobi, Moi Avenue, jengo lililokuwa la Bank of India. Za Zanzibar ziko Kilimani, na huko ndiko kwenye mengi ya ubalozi wa Kiingereza uliokuwa ukishughulikia waliokombolewa. Barua na ripoti za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Za serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya watumwa ziko Kew, London, fungu la FO 84. Kama una kijana anayesoma huko, mpe kazi mahususi: jina hili, miaka hii, kituo hiki. Ukimwambia "katafute habari zetu" utakuwa umemtesa.

Kwa familia za Kiislamu

Njia ni nyingine kidogo. Tafuta hati za wakfu, hukumu za kadhi za mirathi, na hati za uhuru zilizoandikwa kwa Kiarabu. Mara nyingine zimekunjwa ndani ya msahafu wa ukoo au ziko kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Majina kama Feruzi, Almasi, Marjani na Mabruki yalipewa sana watumwa, lakini jina peke yake si ushahidi wa kumhukumu mtu. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na akachukua nasaba ya baba, kwa hiyo shajara ya ukoo, yaani nasaba iliyoandikwa, inaweza kuwa sahihi kabisa na bado mama akawa hayumo. Amri ya Zanzibar ya 1897 iliyofuta hali ya utumwa kisheria haikuwahusu masuria mpaka 1909; kwenye ardhi ya pwani ya Kenya amri kama hiyo ilikuja 1907, na Tanganyika 1922. Ukikuta bibi anaonekana ghafla kwenye mambo ya nyumba karibu na miaka hiyo, uliza. Jamaa waliohamia Maskati nao waulizwe, maana wengine waliondoka Unguja mwaka 1964 na karatasi ambazo waliobaki hawana.

Kipimo cha DNA kinasema nini

Watoto watakuhimiza upime. Pima ukitaka, ila jua unanunua nini. Kipimo cha kawaida kinalinganisha DNA yako na ya watu waliokwisha pimwa. Wa Afrika Mashariki waliopimwa ni wachache ukilinganisha na wa Ulaya, kwa hiyo ramani utakayopewa itapaka rangi eneo kubwa na haitataja kijiji. Kwa mama wa nyanya yako, wewe umebeba kama sehemu moja ya nane, wastani wa asilimia 12.5, na kila kizazi kinapunguza nusu.

La muhimu ni kuchagua nani apimwe. DNA ya upande wa mama hupita kutoka mama kwenda kwa watoto wake, na binti ndiye huiendeleza. Mimi ni mtoto wa mtoto wa kiume wa nyanya, kwa hiyo sina ile ya mamake nyanya; nina ya ukoo wa mama yangu. Shangazi anayo nzima, na watoto wa shangazi wanayo. Tulipofika hapo nilimweleza shangazi waziwazi: mate kidogo ndani ya kichupa, yatapelekwa nje, matokeo yanaweza kuonyesha ndugu tusiowajua, na akisema hapana basi ni hapana. Alitaka kujua kama kampuni itaona maradhi yake. Swali zuri sana. Soma masharti ya kampuni umjibu kwa ukweli kabla hajatema. Kinachosaidia kuliko asilimia ni orodha ya watu mnaoshabihiana, kwa sababu hapo unaweza kumwandikia mtu mwenye jina na anwani.

Na kwa anayeogopa kwamba atapoteza "usafi" wa ukoo wake: mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya DNA ya mifupa ya makaburi ya kale ya miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi walikuwa na mchanganyiko, mababu wa kike wakiwa hasa Waafrika, na wa kiume kwa kiasi kikubwa kutoka Uajemi. Pwani hii imekuwa hivyo karibu miaka elfu moja, na upande unaosahaulika kusimuliwa ni uleule wa akina mama.

Kuwaambia wengine

Usilitangaze kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, wala kwenye harusi, wala matangani. Anza na ndugu wa tumbo moja, uso kwa uso, na waraka mkononi. Mdogo wangu wa kiume alikasirika. Neno "mtumwa" kwetu ni tusi bado, na alikuwa akimfikiria binti yake aliyechumbiwa. Sikumwita mjinga. Aliyeficha jambo hili miaka mia alikuwa akiwalinda watoto wasinyimwe shamba, wasinyimwe wake, wasipigwe kijembe kisimani. Hofu ile ilikuwa na sababu zake. Lakini aibu ni ya aliyemuuza mtoto yule, na nilimwambia hivyo ndugu yangu. Tukakubaliana kwamba jina la bibi litaandikwa kwenye nasaba ya ukoo, na habari ya jahazi itasimuliwa na kila nyumba kwa watoto wake kwa wakati wake.

Kama kuna ardhi au mirathi inayoguswa, mwone wakili kabla hujazungumza na yeyote.

Kuandika nasaba mpya

Kila taarifa iandikwe na ilikotoka. Usiandike "alizaliwa Nyasa". Andika: "Ameitwa Nyasa kwenye cheti cha ubatizo cha binti yake, ameitwa Yao kwenye rejista ya ndoa, ukurasa fulani, mjukuu wake anasema alikuwa na chale mashavuni na alisema sikomo." Ukoo wa mume wake, kama ulikuwa na kabila jingine, usiufute kwa shauku ya huu mpya. Sisi bado ni Warabai kwa babu yetu. Mahali pa mama na baba wa bibi yule pana visanduku viwili vitupu kwenye karatasi yetu. Nimeviacha vimechorwa, na chini yake nimeandika majina ya wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, ili mjukuu atakayeendelea ajue abishe hodi kwa nani.

Nakala weka tatu: moja nyumbani kwa mkubwa wa ukoo, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja kwenye kompyuta ya kijana anayejua kuitunza. Yetu ya tatu iko kwa mpwa wangu aliye Doha. Msomee shangazi ulichoandika kabla ya kukichapa. Wa kwetu alisahihisha majina mawili na kuongeza la mtoto aliyefariki akiwa mchanga, ambalo halikuwa kwenye rejista yoyote.